Tupeane uzoefu: kitu gani kinakufanya ufunge riwaya katikati?

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa kwenye Hiace natoka Arusha kurudi Moshi, siti ya dirishani, riwaya mpya mkononi. Kilomita kama 80, zinanitosha kurasa arobaini. Tulipofika Boma Ng'ombe nikaifunga, na hadi leo sijaifungua. Mwandishi kamleta mama wa Kibosho anamenya ndizi asubuhi, jioni ile ile wageni wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na kuimba. Asubuhi na jioni!

Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akipika mbege ya kuuza. Ndizi zinasubiriwa ziive, zinachemshwa mpaka zinageuka wekundu, zinapoa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, ndipo unapikwa uji wake. Bado gome la msesewe la kuleta ule uchungu. Usiku nilikuwa nalala nasikia povu likichemka taratibu kwenye pipa. Sasa anayeniandikia mbege ya siku moja, nitamwaminije akiniambia mjane analia? Siku zile za kusubiri ndizo zenye hadithi: bibi anahesabu deni la ulezi, jirani anakuja kuuliza kama imeiva.

Karibuni, kila mtu aseme lake. Na mnachokipenda pia.

Wa Sakina: Mimi ni ndoto. Nimesoma sura thelathini, watu wamekufa, ndoa zimevunjika, halafu "kumbe nilikuwa naota". Nahisi nimeibiwa kabisa.

Wa Njiro: Sura ya pili dada mtu ana mtoto mmoja, sura ya tisa ana watatu. Mhariri alikuwa wapi?

Wa Ngaramtoni: Mimi ni Mwarusha. Karibu kila riwaya ninayoshika, mtu wa kwetu yuko getini. Ana rungu, ana sime, Kiswahili chake kimevunjwavunjwa makusudi ili msomaji acheke, na jina hana. Ni "yule Masai" tu. Baba yangu amelinda geti la watu miaka 19. Alikuwa na redio ndogo ameifunga kwa mpira, akirudi alfajiri anatusimulia habari za dunia kabla hatujaenda shule. Alijua nani ndani ya ile nyumba halali usiku, nani anatoka kulia bustanini. Mwandishi anahangaika na mpelelezi kurasa mia mbili, na aliyeona kila kitu amemwacha getini bila kumuuliza. Mwaka jana nilipata hadithi fupi ambayo mlinzi ana jina na anawaza ada ya binti yake. Nimeirudia mara tatu.

Wa Majengo, Moshi: Mleta mada, kwenye mbege sikubaliani na wewe. Nashinda Memorial nauza mitumba, jioni nataka kupumzika, sitaki kufundishwa mapishi. Mhusika akinishika, mengine nasamehe. Kinachoniumiza ni hizi simulizi za kwenye simu: unafika penyewe, inakatwa, tuma 1,000 upate sehemu ya 21. Nilituma. Sehemu ya 22 sijaiona tangu Pasaka, na yule binti nilimwacha amefungiwa stoo.

Mleta mada: Dada, pole sana, hiyo ni dhuluma. Ila nami nasimama palepale: mhusika hanishiki kama mikono yake haijui kazi anayoifanya.

Wa Usa River: Napenda wazee waachwe waongee kwa mwendo wao, wazunguke, warudi kwenye neno. Waandishi wengi wanawakatiza wakidhani tutachoka. Wa Ngaramtoni, naomba kuazima hiyo hadithi ya mlinzi.

Wa Ngaramtoni: Kitabu kipo kwa baba, hii wiki ya pili. Anasoma kurasa mbili kila jioni, akishikilia miwani kwa mkono. Akimaliza nitakuletea.