Kitunguu saumu, mwarobaini na mbegu za papai kwenye chakula cha sato: kipimo ni kipi?

Mfugaji_Kihonda
Wakuu habari, naombeni ushauri. Nina bwawa la udongo la mita za mraba 300, kina kama mita 1, lina sato 1,000 wenye wastani wa gramu 150. Wanakula pellet (punje za chakula cha samaki) za kuelea, na maji narutubisha kwa samadi ya kuku. Wiki hii wanakufa wawili watatu kila siku. Wana wekundu kwenye mashina ya mapezi, wengine tumbo limejaa na magamba yamenyanyuka. Alfajiri wengi wanakuja juu kuhema. Antibayotiki sitaki kutumia kwa kubahatisha. Nimeambiwa kitunguu saumu, mwarobaini na mbegu za papai vinasaidia. Kipimo kwa kilo ya chakula ni kipi? Na je, maji ya kitunguu naweza kumwaga bwawani moja kwa moja?

Bwawani
Ndugu, anzia hapo kwenye kuhema alfajiri. Mwani ukizidi, usiku wote unavuta oksijeni pamoja na samaki, na kunapokaribia kucha ndipo inakuwa chini kabisa. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita sato bado ataishi, ila kinga yake inaanguka. Wekundu na magamba yaliyonyanyuka vinafanana sana na kazi ya Aeromonas, bakteria ambao wamo majini siku zote wakisubiri samaki adhoofike.

Zamisha mkono ukiwa umenyoosha kiganja. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yamezidi ukijani. Simamisha samadi leo. Toa robo ya maji kutokea chini, ingiza mapya, urudie kesho kutwa. Chakula punguza nusu, na asubuhi usilishe mpaka jua liwe limepanda.

Kumwaga maji ya kitunguu bwawani ni hasara tupu. Bwawa lako lina takriban lita 300,000. Ndoo moja itapotea humo bila athari yoyote, na mabaki yake yakioza yatakula oksijeni ile ile unayoitafuta.

Mama_Pellet
Nakazia jambo moja kabla ya vipimo: kitunguu kwenye chakula ni kinga. Samaki aliyevimba tumbo hali chakula, kwa hiyo hata ukiweka dawa gani kwenye pellet haimfikii. Unaowasaidia ni wale ambao bado wanakimbilia chakula.

Hesabu yako: samaki 1,000 kwa gramu 150 ni kilo 150. Kwa asilimia 3 ya uzito, chakula kamili ni kilo 4.5 kwa siku, na sasa hivi unalisha nusu yake. Kitunguu kibichi kilichomenywa weka gramu 20 kwa kilo ya chakula. Kama una unga uliokaushwa kivulini, gramu 7 zinatosha, maana kibichi zaidi ya nusu yake ni maji.

Ponda kwenye kinu hadi kilainike kabisa, kisha kiache dakika 10. Allicin, yaani kiini cha kitunguu kinachopambana na bakteria, haimo kwenye punje nzima. Inatengenezwa na kimeng'enya baada ya punje kupondwa, na moto unakiua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo usichemshe. Ongeza maji mililita 40 kwa kila kilo ya chakula, chuja kwa kitambaa, nyunyizia pellet huku unageuza. Zikishanyonya, paka mafuta ya alizeti mililita 15 kwa kilo ili kitunguu kisioshwe zikigusa maji. Anika kivulini mpaka zisigande mkononi.

Wengi wanaharibu kwenye maji. Ukizidisha, pellet zinavimba, zinazama na kuoza chini. Na usichanganye za wiki nzima: chakula chenye unyevu kinaota ukungu, na sumu yake inaua ini la samaki polepole. Changanya cha siku hiyo tu. Lisha wiki mbili, pumzisha wiki mbili.

Daktari_wa_Mapezi
Mwarobaini weka mbali kabisa na bwawa hilo. Majimaji ya majani yake ni sumu kwa samaki, na yanaumiza matamvua, viungo vya kuhemea ambavyo tayari vinafanya kazi kwa shida. Mmea kuwa dawa kwa binadamu hakuufanyi kuwa salama kwa samaki. Utupa nao ni majani, na watu wanavulia samaki kwa sumu yake.

Mbegu za papai zinavuruga uzazi wa sato. Wapo wanaozitumia makusudi kupunguza kuzaana bwawani, ila kama unategemea hao kupata vifaranga, usiwape.

Mlonge ni sawa, lakini uuhesabu kama malighafi ya chakula. Kwa anayetengeneza chakula mwenyewe, unga wa majani usizidi asilimia 10. Ukipita hapo, saponini na tanini, kemikali zilizomo kwenye majani hayo, zinapunguza ulaji na ukuaji. Kuloweka majani usiku kucha na kumwaga maji yake kunapunguza saponini.

Mfugaji_Kihonda
Asanteni sana, mwarobaini nimeuweka kando. Sasa nitajuaje kama kweli ni bakteria?

Daktari_wa_Mapezi
Upo Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ipo karibu. Chukua samaki watatu au wanne walio hai lakini wameshaanza kudhoofika, si waliokufa tayari, kwani aliyekufa anaoza haraka na vijidudu vya uozo vinaficha ugonjwa. Wapeleke kwenye mfuko wenye maji ya bwawa na hewa ya kutosha. Kama ni mbali, ua kisha weka kwenye barafu, usigandishe. Beba na chupa safi ya maji ya bwawa. Omba kipimo cha kuotesha bakteria pamoja na cha kuona dawa ipi inawaua. Hapo antibayotiki ikihitajika utapewa inayofaa, na siku za kusubiri kabla ya kuuza.

Ukiona samaki anazunguka kama pia na macho yametokeza, wahi siku hiyo hiyo. Hiyo ni dalili ya Streptococcus, bakteria wa aina nyingine, na maji yakiwa ya joto vifo vinaweza kupanda ghafla.

Bwawani
Wafu watoe kila asubuhi kabla ya kulisha, uwafukie na chokaa mbali na bwawa. Wavu uliotumia hapo usiupeleke bwawa lingine kabla ya kuuanika juani hadi ukauke kabisa.