Mlima mwekundu, theluji ya zambarau, huyu mchoraji alimaanisha nini?

Mkazi wa Majengo: Wakuu habari za jioni. Juzi nimenunua mchoro Arusha, ni Kilimanjaro kwa upande wetu wa Moshi, ila mlima mwekundu kama kaa la moto, theluji zambarau, na Mawenzi imeinama kama inataka kuanguka. Mama mkwe kauona ukutani akasema huyu mlima hajawahi kuuona. Mimi naupenda jamani, nikiuangalia kifua kinabana, ila nikiulizwa unasema nini nakosa jibu.

Fundi Rangi: Mlima anaujua vizuri sana huyo mchoraji. Zima taa, washa tochi ya simu uimulike kwa ubavuni, utaona rangi ilivyopandana. Kama kapaka kwa kisu kuna matuta, palipo na tuta nene ndipo alipong'ang'ana, anza kusoma hapo, rangi baadaye. Na mlima kuwa zambarau sio jambo geni, mchoraji Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner alienda Davos, Uswisi mwaka 1917, vita ilishamvuruga afya na akili, akaipaka ile milima ya Alps waridi na zambarau, alikuwa anapaka hali yake.

Mpita Njia: Mbona mnaenda mbali, jioni mawingu yakifunguka theluji ya Kibo si inakuwa ya waridi kabisa? Labda kapaka alichokiona tu.

Mjukuu wa Marangu: Waridi sawa, ila Mawenzi kuinama je? Bibi alitusimulia Mawenzi alikuwa kila saa anaenda kwa Kibo kuomba moto, Kibo akachoka, akashika mchi akamtwanga nao, ndo maana mpaka leo Kibo kichwa laini na Mawenzi kimechanikachanika. Hebu angalia, kati yao kuna nini?

Mkazi wa Majengo: Nimemulika. Tuta nene liko hapohapo katikati, na juu yake kuna mstari wa njano umetoka Kibo ukakatika kabla haujafika Mawenzi, kaupaka kwa kidole, alama za ngozi zinaonekana kabisa. Nimemwita mama mkwe nikamwonyesha huo mstari tu, sikusema kitu. Kaukodolea macho weee, kisha akaniuliza nani kamwambia huyu habari za mchi.