Mjadala: Sarafu ya tembo ni ya Tabora au ni ya Sekenke?

Ndugu aliyefungua mada amependekeza kwamba Manispaa ya Tabora ijenge karibu na stesheni sanamu kubwa ya sarafu ya dhahabu ya 1916, ili mgeni anayeshuka treni ajue mara moja kuwa amefika katika mji uliowahi kujitengenezea fedha. Wengi wameunga mkono. Mimi napinga. Sikatai kwamba sarafu hiyo ilitengenezwa hapa, lakini dhahabu yake haikutoka hapa, na katika michango yote iliyotangulia Sekenke imetajwa mara moja tu, tena kimakosa, kana kwamba ni kijiji cha Nzega.

Sekenke iko Iramba, mkoani Singida. Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Igunga kwenda Singida anaujua mlima wake, ambako malori yenye mizigo hupanda kwa gia nzito huku utingo akitembea pembeni na kigingi mkononi, tayari kukiweka nyuma ya tairi. Huko ndiko Wajerumani walikoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, miaka mitatu kabla reli ya kati haijafika Tabora. Vita vilipoanza mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikafunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani zilikatika, na dhahabu ya Sekenke nayo ikakosa njia ya kwenda Ulaya. Tabora ilikuwa na karakana ya reli, yenye mafundi na mitambo. Basi mwaka 1916 zikatengenezwa humo sarafu za rupia 15, zipatazo 16,000, pamoja na zile za heller za shaba kwa matumizi madogo. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na kazi ikaishia hapo.

Kwa hiyo fahari tunayotaka kuijengea sanamu ni ya miezi michache, ilhali Sekenke watu wanachimba hadi leo: wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanapandisha mawe kwa viroba na kuyasaga kwenye karasha, yaani mashine ya kuvunjia mawe, katika miamba ileile iliyolisha karakana yetu. Tazameni sarafu yenyewe. Ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima (ambao, kwa kweli, si wa kwetu wala si wa Iramba), na chini kuna herufi T, yaani Tabora. Ya Sekenke haipo.

Mchangiaji mmoja amesema kuwa mji usiotangaza historia yake hauwezi kupata watalii. Ninakubaliana naye, lakini pa kuiwekea historia hiyo tunapo tayari: kwenye makumbusho ya Kwihara, panapoelezwa habari za Livingstone, panaweza kuwekwa nakala ya sarafu, jiwe la Sekenke kando yake, na maelezo ya Kiswahili yanayomweleza mtoto wa shule kwamba dhahabu hii ilichimbwa kwa mikono ya watu wa upande ule, chini ya utawala ambao hawakuuchagua.

Nina swali moja kwa aliyefungua mada. Sarafu ina pande mbili, na upande wa pili una tai wa dola ya Ujerumani. Je, kwenye sanamu yake upande huo anapendekeza tuchonge nini?