Guillain-Barré: mguu hausogei halafu unauma hivi, inawezekana?

Mdogo wake: Habari zenu wakuu, bro wangu amelazwa, wamesema ni Guillain-Barré, ilianza miguuni nguvu zikaisha ikapanda hadi mikono. Sasa kinachonichanganya ni maumivu, mgongo unamuuma mpaka mapajani, usiku ndo balaa kabisa, hata shuka likimgusa tu analia. Nesi mmoja anasema huu ni ugonjwa wa kupooza sio wa kuumwa, eti woga. Parasetamoli anapewa ila ni kama maji.

Tabibu mstaafu: Pole sana ndugu, sio woga hata kidogo. Kinga ya mwili inashambulia neva (mishipa ya fahamu) zake mwenyewe, na haichagui, zile zinazopeleka amri kwenye misuli zinaguswa na zile zinazoleta hisia pia, ndo unakuta mguu umelegea ila unawaka moto. Hayo ya mgongo ni mizizi ya neva pale inapotokea kwenye uti wa mgongo, inavimba. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa wanaumwa siku za mwanzo, wengine maumivu yanatangulia kabla hata miguu haijalegea, wanapewa dawa ya kuchua wanarudishwa nyumbani. Ongea na daktari kuhusu gabapentini au karbamazepini, hizo ni za maumivu ya neva. Mofini nayo inatumika ila inafunga choo na kupunguza pumzi, na huyu pumzi zake tayari ni za kuchungwa.

Nilipona: Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kupumulia, kuongea siwezi, mkono haunyanyuki, na kila kitu nasikia. Watu wanadhani umetulia kumbe unaungua! Mkubaliane mapema, kope mara moja ndiyo, mara mbili hapana, halafu mumuulize kiungo kimoja kimoja, usiulize tu "unaumwa?" Shuka lisimlalie miguuni, omba waliinue kwa kitu. Na ageuzwe, fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amkunje viungo taratibu, maana kulala mkao mmoja magoti na nyonga zinakuwa na maumivu yake mengine.

Mdogo wake: Asanteni sana. Na steroidi, zile dawa za kutuliza kinga ya mwili, je? Jamaa mmoja kasema ndo dawa.

Tabibu mstaafu: Kwa ugonjwa huu hazisaidii, zilishajaribiwa, na zile za vidonge zinaweza hata kuchelewesha kupona. Tiba yenyewe ni immunoglobulini (kingamwili za watu waliochangia damu) kwa dripu au kubadilishiwa plazima (maji ya damu), na inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki 2 tangu nguvu zipungue. Ila hata akipewa hiyo, maumivu yanataka dawa yake pembeni, usikubali wakikuambia subiri. Na akianza kuongea kwa kukatakata, au kumeza kunamshinda, au kikohozi hakina nguvu, ita mtu saa hiyohiyo, hata saa nane usiku.

Mdogo wake: Kumeza bado yuko sawa. Daktari wa zamu anapita jioni, naanza kwa kumuuliza kuhusu gabapentini.