Naomba ushauri: ofisi ya pamoja ya kulipia kwa siku mjini Tanga

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasafiri kati ya Dar es Salaam, Tanga na Pangani karibu kila mwezi, nami natafuta ofisi ya pamoja ya kulipia kwa siku, kwa kuwa mkataba wa mwezi mzima haunifai. Safari iliyopita, katika ofisi moja ya Ngamiani, umeme ulikatika nikiwa katikati ya kikao na mteja. Jenereta haikuwashwa, nikamalizia kwa bando la simu huku jasho likidondokea daftari. Bei naweza kuivumilia, lakini siri za mteja hapana. Je, kuanzia Chumbageni hadi Raskazone, ni wapi penye umeme wa akiba wa uhakika na chumba cha kuzungumzia bila kusikiwa na majirani wa meza?