Mrejesho: Dishi na kebo kwenye gari la kuishi

Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza kwa nini televisheni ya gari langu la kuishi haikupata chaneli za dishi, na za kebo zilijaa chenga. Nilifuata ushauri wa kuutoa waya wa dishi kwenye kigawanyaji (kifaa kinachogawa mawimbi ya waya mmoja kwenda kwenye nyaya kadhaa) na kuuunganisha moja kwa moja na king'amuzi, kwa kuwa kichwa cha dishi (kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) huhitaji umeme wa volti 13 au 18 unaopanda kwa waya huohuo, nacho kigawanyaji kilikuwa kikiuzuia. Picha ilitokea papo hapo!

Kwa kebo, kuzima kikuza mawimbi cha antena ya paani kulisaidia kiasi. Nilipofungua kiungio cha waya wa kebo nilikuta uzi mmoja mwembamba wa wavu wa chuma wa nje ukigusa waya wa kati, nikaukata. Chaneli chache bado zinakatika. Nashuku waya mkongwe uliomo ukutani, ambao sijaubadilisha.