Eti punda wanaochinjwa ni wale wasiotakiwa? Acheni uongo

Wakuu, salaam.

Kila biashara ya ngozi za punda ikitajwa, utasikia hoja ileile: wanaochinjwa ni wazee, vilema na waliotelekezwa, kwa hiyo machinjio yanawasaidia. Mwizi gani anaingia bomani usiku akachague punda kongwe? Huku kwetu Tanzania, mpakani, aliibwa jike mwenye mimba, wa mama mmoja anayeuza maji. Tulimkuta korongoni kachunwa ngozi, nyama yote imeachwa inaoza. Leo yule mama na binti zake wanabeba ndoo kichwani. Tuliripoti, tukaambiwa upelelezi unaendelea. Kimya mpaka sasa.

Tazameni Kenya. Machinjio yalianza 2016, yakafika manne: Naivasha, Mogotio, Lodwar na Machakos. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takribani milioni 1.8, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, sasa hao wa kuziba pengo wangetoka wapi? Wizi ulipozidi, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020. Wenye machinjio wakakimbilia mahakamani, na 2021 Mahakama Kuu ikaitengua. Yote hayo ili ngozi ichemshwe itoke ejiao, dawa ya asili inayouzwa China kwa madai kwamba inaongeza damu na kung'arisha ngozi ya mtu!

Sisi Watanzania tulipiga marufuku Desemba 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubali kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nashukuru. Ila karatasi hailindi boma usiku.

Na punda asiyetakiwa yupo, sikatai. Nani kamfikisha hapo? Kijana anajaza mkokoteni magunia ya mkaa, mgongo wa mnyama una kidonda kinachotoa usaha, bado anachapa tu. Mguu ukivunjika anamfungua, anamwacha kando ya barabara juani, fisi wanamkuta angali hai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Mnamjua mtu hata mmoja mtaani kwenu aliyeshtakiwa kwa hilo?

Sisemi mnyama asichinjwe. Nafuga mbuzi na nawachinja. Punda aliyeumia asiyeweza kupona, aitwe daktari wa mifugo amchome sindano palepale alipolala, afe bila mateso. Kumrundika kwenye lori na wenzake safari nzima bila maji ili auzwe ngozi, halafu mtu aniambie ni huruma? Hapana. Aliyekubebea maji na mahindi miaka yote hiyo anakudai kifo cha heshima.

Maofisa mifugo mliomo humu, nijibuni hili moja: mimi nikisafirisha mbuzi wangu kwenda mnadani nadaiwa kibali kila kizuizi. Lori la punda usiku wa manane linapitaje?